Gesti mpya za Chemba: kiyoyozi hakitibu paa

Msomaji, ukipita barabara ya lami ya Dodoma–Kondoa–Babati, iliyozinduliwa mwaka 2018, utakuta gesti na lodji kila penye kituo. Chemba, ambayo ni wilaya tangu 2012, nayo ina wageni wake: watumishi wa serikali, madereva, wanunuzi wa alizeti na ufuta. Jengo la kuwapokea sasa lina sura moja: tofali za bloku, bati la msauzi lenye rangi iliyokolea, madirisha ya aluminiamu ya kusukuma, silingibodi, na kiyoyozi ukutani. Kwenye picha linapendeza. Kwa upande wa matumizi ya nishati, mimi nalipa alama ndogo, na leo nataka tuone kwa nini.

Tuanze na ushauri tunaousikia kila siku: "Punguza umeme, badilisha taa." Haya, tupige hesabu. Chukua gesti ya vyumba 10, kila kimoja na taa moja inayowaka saa 4 kwa usiku. Ukitoa balbu ya wati 60 ukaweka ya wati 9, umeokoa uniti 2 hivi. Sasa washa viyoyozi 10, kila kimoja kikivuta kama kilowati 1, na mashine zake zikizunguka jumla ya saa 5 tu. Hizo ni uniti 50. Kwa bei ya takriban shilingi 350 kwa uniti, ni shilingi 17,500 kwa usiku mmoja. Taa ibadilishwe, sawa, ila tusijidanganye kwamba tatizo lilikuwa pale.

Joto lenyewe linatoka wapi? Chemba iko kama nyuzi 5 kusini ya ikweta. Maana yake ni kwamba mwanzoni mwa Oktoba, na tena mwanzoni mwa Machi, jua la saa sita mchana linapita karibu utosini kabisa. Wakati huo kila mita ya mraba ya paa inapokea nguvu ya jua inayokaribia wati 1,000. Chumba cha mita 12 za mraba kina kama kilowati 12 juu ya kichwa chake. Kiyoyozi cha kawaida cha BTU 12,000 kina uwezo wa kuondoa joto la kilowati 3.5. Kwa bahati nzuri si joto lote la paa linaloshuka chumbani, lakini ni bati ndilo linaloamua kiasi gani kishuke. Bati jeupe hurudisha sehemu kubwa ya mwanga angani. Bati la rangi iliyokolea hulimeza jua, likaweza kupita nyuzi joto 60, kisha likaoka hewa iliyofungiwa juu ya silingibodi.

Ukuta nao una hadithi yake. Tofali la bloku huchelewesha joto kwa saa kadhaa. Ukuta wa magharibi usio na kivuli unapigwa jua la saa tisa na saa kumi, halafu unalitoa ndani taratibu. Wewe unaingia chumbani saa mbili usiku, na joto la mchana ndiyo kwanza linaingia nawe!

Hapa ndipo linaponiuma. Uwanda wetu ni mkavu na uko juu, hivyo usiku hupoa vizuri. Hata msimu wa joto mchana ukipita nyuzi 30, kuelekea alfajiri hushuka hadi kwenye 20 hivi. Yaani ubaridi upo nje, bure, nyuma ya kioo. Lakini dirisha la kusukuma hata ukilifungua lote, nusu yake inabaki imezibwa. Mgeni anafunga, anawasha kiyoyozi, na mwenye gesti analipia LUKU kununua kitu kilichokuwa kinabisha hodi. Umeme ukikatika, chumba kinageuka tanuri.

Wazee wa huku hawakusoma fizikia ya majengo, ila tembe lao, lenye kuta nene na paa bapa la udongo, liliijua kazi ya kuchelewesha joto. Sisemi turudi kwenye tembe. Paa lake huvuja mvua ikizidi, mchwa hula miti yake, na ndani ni giza. Hakuna mgeni atakayelipia hayo. Ninachosema ni kwamba tumeliacha tembe pamoja na akili iliyokuwa ndani yake.

Akili hiyo haina gharama kubwa kama itaingia kwenye ramani kabla ya msingi kuchimbwa. Pande ndefu za jengo zitazame kaskazini na kusini. Magharibi pawekwe baraza, ngazi au stoo badala ya vitanda. Bati liwe jeupe, na chini ya kenchi yaachwe matundu ya kutolea hewa moto. Madirisha yawe ya luva, yenye wavu na grili, maana mbu na wezi ni hoja ya kweli kabisa. Kisha weka pangaboi: la wati 70 likizunguka saa 9 linakula uniti 0.63. Vyumba vyote 10 havifiki uniti 7.

Utaniambia sasa tuna Bwawa la Julius Nyerere, megawati 2,115, umeme upo. Ni kweli. Lakini bwawa halimlipii mtu LUKU, na gharama hiyo mwishowe inahamia kwenye bei ya chumba. Kiyoyozi cha inverta nacho kitapunguza bili, ila kinabaki dawa ya ugonjwa tuliojijengea wenyewe.

Kwa hiyo ukilala gesti yoyote ya njia hii, jaribu jambo moja. Saa mbili usiku, gusa ukuta wa magharibi kwa kiganja, kisha gusa wa kusini. Ukikuta tofauti, mwambie mwenye nyumba. Pengine anajiandaa kujenga ya pili.