Kuisoma Kutu: Sifa za Ufundi wa Kuhifadhi Chuma cha Ukoo

Katika milima ya Upare, tangu Ugweno kaskazini hadi safu inayouinamia mji wa Same, madini ya urithi yaliyoachiwa koo nyingi hayakuwa fedha bali chuma, na kukitambua chuma hicho kunadai jicho kali kuliko lile la sonara, yaani fundi wa dhahabu na fedha. Sonara wa mwambao husaidiwa na mihuri: kijiko cha Ulaya huweza kuwa na tarakimu 925, idadi ya sehemu za fedha katika kila sehemu elfu, na reale ya Maria Theresa, iliyoyeyushwa mara nyingi ili kufua mapambo, huwa na mwaka 1780 hata kama ilipigwa karne moja baadaye. Jembe la Kipare halina mhuri, husomwa mwilini.

Waliolifua ni Washana, ukoo wa wahunzi ambao, kwa masimulizi yaliyokusanywa na mwanahistoria Isaria Kimambo katika kitabu chake cha 1969, ndio waliotawala Ugweno kabla ya kupinduliwa na ukoo wa Wasuya. Mchanga mweusi wenye chuma uliokotwa vijitoni, ukachomwa kwa makaa yaliyopulizwa kwa mivukuto, na kilichotoka hakikuwa chuma cha maji bali bonge lililochanganyika na mavi ya chuma, yaani taka za mawe zilizoyeyuka, ambazo mhunzi alizikamua kwa nyundo. Zilizosalia zilivutwa zikawa nyuzi nyembamba ndani ya chuma, na kutu inapokula kingo, nyuzi hizo hujitokeza mithili ya nyuzi za mti mkavu. Bapa la kiwandani halina nyuzi hizo, na unene wake ni mmoja kote, ilhali la mhunzi hupanda na kushuka chini ya kidole. Tena majembe mengi ya kienyeji ya Afrika Mashariki yalikuwa na mkia uliochomekwa kwenye mpini, tofauti na jembe la kigeni lenye tundu la kupitishia mpini, ambalo lilizidi kuenea baada ya reli ya kutoka Tanga kufika Moshi mwaka 1911.

Fundi hodari basi hutambua kwanza ndipo asafishe. Huitenga kutu nyekundu inayomomonyoka, ambayo huendelea kula chuma, na utando mweusi ulioshikamana nacho, ambao hukikinga. Ya kwanza huiondoa taratibu kwa brashi laini na mafuta, wa pili huuacha, kisha hukikausha chombo na kukipaka nta ili unyevu wa milimani usikifikie. Msasa ungekipa mng'ao kwa dakika chache, lakini ungefuta alama za nyundo, na alama hizo ndizo saini pekee aliyoiacha mhunzi. Ustadi wa kazi hii umo katika kujua pa kuuzuia mkono.

Mnunuzi wa chuma chakavu hukipima chombo kwa kilo, na mizani yake haina nafasi ya jina. Kwa hiyo mwenye jembe, mkuki au kengele ya babu na amuulize mzee wa ukoo, kabla ya kugusa brashi, chombo hicho kinaitwaje kwa Chasu, lugha ya Wapare, na kilifuliwa wapi, kisha aliandike jibu lake. Kutu inaweza kusubiri, mzee hasubiri.