Waraka kwa Filemoni na Watoro wa Rabai

Katika nyaraka zote za Mtume Paulo hapana ulio mfupi kuliko ule aliompelekea Filemoni. Una aya 25 tu, na watu wengi huupita kwa sababu ya ufupi wake. Mimi huusomesha kila mwaka katika chuo cha ualimu, si kwa ajili ya dini peke yake, bali kama mfano wa barua iliyoandikwa kwa ustadi. Na kila mwaka darasa hugawanyika.

Habari yake ni hii. Onesimo, mtumwa wa Filemoni, ambaye kwa mapokeo twaambiwa alitoroka, alimfikia Paulo kifungoni akaamini. Paulo amrudisha kwa bwana wake pamoja na ombi kwamba apokewe kwa cheo cha ndugu. Mwandishi asema hataki kuamuru ingawa aweza. Ataja uzee wake na kifungo chake. Acheza na jina la Onesimo, ambalo kwa Kiyunani maana yake ni mwenye kufaa. Kisha aahidi kulipa deni lolote la mtumwa huyo, na papo hapo amkumbusha Filemoni kuwa yeye naye ni mdaiwa. Hapo mimi husita. Ombi lenye kumbukumbu kama hiyo si ombi tupu. Tena salamu za mwanzo zalihusu kanisa zima lililokutana nyumbani kwa Filemoni, yaani jambo la faragha limewekwa barazani. Nani angethubutu kukataa mbele ya watu? Baadhi ya wanafunzi wangu huiita hila. Mimi naona Paulo alijua kwamba undugu wa siri hauna nguvu.

Sisi wa pwani twaweza kuupima waraka huu kwa mambo yaliyotokea kwetu. Neno ndugu si la salamu tu. Lina haki ndani yake: kula, kupewa mahali pa kulima, kuozwa, kuzikwa. Mtu aliyetekwa pande za ziwa Nyasa akauzwa kulima mtama na ufuta katika mashamba ya Malindi alikuwa amenyang'anywa hayo yote. Hakuwa na mjomba wala mbari. Katika miaka ya 1870 na 1880 wengi wa watu hao walitoroka. Wengine walikwenda Fuladoyo, walikoishi Wakristo wa Kigiriama pamoja na kiongozi wao David Koi, ambaye baadaye aliuawa na watu waliochukizwa na makazi yale. Wengine walikimbilia Rabai, mahali ambapo Krapf na Rebmann walianza kazi ya misheni mwaka 1846, na ambapo leo kanisa lina jina la huyo huyo Mtakatifu Paulo.

Mlezi wa waumini wa Rabai alikuwa William Jones, Mwafrika aliyetekwa utotoni, akalelewa na kusomeshwa Bara Hindi, akawekwa wakfu kuwa shemasi mwaka 1885. Wazungu wa misheni walisitasita, wakiogopa ugomvi na mabwana wa watumwa. Jones hakuwafukuza watoro. Basi hapa pana swali gumu: Paulo alimrudisha mtoro, Jones hakuwarudisha, ni nani aliyeshika neno la ndugu? Jibu langu, ambalo si lazima msomaji alikubali, ni Jones. Bwana wa Onesimo alikuwa muumini aliyeweza kuaibishwa na barua; mabwana wa watoro wa Rabai hawakufungwa na waraka wowote wa Paulo.

Hata hivyo ile ahadi ya kulipa deni ilitimia Rabai kwa namna ya ajabu. Mwaka 1888 George Mackenzie, wa kampuni ya Kiingereza iliyotawala pwani wakati ule, alipatana na mabwana wakubali fidia. Tarehe 1 Januari 1889 hati za uhuru zikagawanywa Rabai. Watoro wa vituo vya misheni waliokombolewa kwa mapatano hayo walipata 1,400 na zaidi. Fedha zilikwenda kwa mabwana. Jasho lililomwagika mashambani kwa miaka mingi halikuandikwa katika hesabu ya mtu.

Na upungufu huo umo katika waraka wenyewe. Paulo ahesabu hasara ya Filemoni. Ujira wa Onesimo hautajwi. Onesimo hasemi hata neno moja. Twajua alivyopendwa, wala hatujui alitaka nini. Nilipolieleza hili darasani mwaka mmoja, kijana mmoja kutoka upande wa Kaloleni aliinua mkono akanionyesha jambo ambalo sikuwa nimeliona kwa miaka yote ya kusomesha. Karibu na mwisho Paulo aomba atengenezewe chumba cha wageni, kwa maana atumaini kuja. “Mwalimu,” akasema, “chumba cha Paulo kimeagizwa. Onesimo alilala wapi usiku ule?”