Kutia Nanga Juu ya Kisichoonekana

Jimbo la Alabama, Marekani, lina pwani fupi, na chini ya bahari yake sehemu kubwa ni mchanga na tope. Samaki wa mwambani hakai mahali pasipo pa kujificha. Ndiyo maana mwaka 1953 manahodha wa mji wa Orange Beach walizamisha mabodi 250 ya magari, na samaki waitwao kungu wekundu wakahamia humo. Miaka ya 1970 zikafuata meli kuukuu za aina ya Liberty, miaka ya 1990 vikafuata vifaru vya jeshi. Siku hizi huzamishwa zaidi piramidi za zege.

Wajenzi wa miamba hii ya bandia wamesifiwa vya kutosha. Mimi nawavulia kofia wanaovua juu yake.

Piramidi ya kawaida haizidi kibanda, nayo yaweza kulala mita thelathini chini. Setilaiti humfikisha nahodha pale. Kazi ndiyo kwanza inaanza. Huzima mwendo, akaacha chombo kichukuliwe ili aone upepo unavuta wapi na mkondo wapi. Kwenye skrini mwamba huonekana donge gumu, na samaki wingu lililotanda juu yake, mara nyingi upande unakotoka mkondo. Hapo hupanda mkondo, hutia nanga, hulegeza amari pima baada ya pima mpaka tezi itulie kabla kidogo ya kufika mahali anapopataka, upande unakotoka mkondo, kwa hesabu kwamba chambo kitasukumwa kikishuka. Akikosea mita chache, chambo chaangukia mchangani. Upepo ukigeuka, anang'oa nanga na kuanza upya, wala hanuni.

Mvuvi naye ana adabu zake. Haachi chubwi igonge chini. Huizuia mita kadhaa juu ya mwamba, maana wakubwa mara nyingi huelea juu ya wadogo. Akidonolewa hashtuki. Ndoana ya duara ukiinyakua kwa pupa inachomoka. Ukikunja mshipi taratibu, inajigeuza yenyewe na kunasa pembeni mwa mdomo. Ikishanasa, upole umekwisha: kungu hukimbilia zege, na mshipi ukiikwaruza, umekatika.

Aliye mdogo lazima arudishwe, na hapo ndipo utamjua fundi. Samaki aliyevutwa kutoka kilindini hewa humvimbisha mpaka tumbo likatokeza mdomoni. Ukimtupa hivyo, ataelea tu, awe chakula cha papa na pomboo. Fundi humbana kwa kifaa chenye uzito, akamshusha hadi kina kile kile, ndipo akamwachia.

Na fundi hujua kuondoka. Mwamba mdogo ukikamuliwa kila siku hubaki na vitoto. Ndiyo maana manahodha wengi wana miamba mingi, mingine waliizamisha wenyewe kwa kibali na hawaitaji kwa mtu. Huchukua wachache hapa, wakahamia pale, huku samaki wangali wanauma.