Kitonga Saa Saba Mchana: Uamuzi Uliotunyima Masanze

Klipu za safari yetu ya mapumziko ya Nyerere Day, kutoka Dar es Salaam kwenda kulala Kilosa kupitia Mikumi, wengi wenu mmeziona, maana zimezunguka kwenye magrupu ya WhatsApp kuanzia Kilosa hadi Mbagala. Mmeona Coaster ilipopinda, mmeona mkia wa malori, na mmeona ile klipu ya mwisho ambayo ni giza tupu na vumbi kwenye mwanga wa taa. Kwa hiyo sina haja ya kuisimulia upya. Nina haja ya kusema kwamba kuichagua njia ya mlima Kitonga pale njia panda ya Mikumi, saa saba mchana, huku vitanda vimelipiwa Kilosa, kulikuwa ni kosa. Lingebaki kosa hata kama barabara nzima ingekuwa tupu.

Yaliyofanywa vizuri tuyataje na tuyapite: SGR hadi Morogoro, gari zima lenye matairi mapya, dereva mtulivu, kuingia Hifadhi ya Mikumi asubuhi mapema na kutulia kwenye uwanda wa Mkata badala ya kukimbizana na simba.

Sasa turudi njia panda. Mnaoijua Mikumi mnajua kwamba ukitokea hifadhini una njia tatu za kuchagua. Ukipinda kushoto unakwenda Kidatu, Mang'ula na Ifakara, safu ya Udzungwa ikiwa ubavuni mwako. Ukinyoosha na barabara kuu ya Zambia unaingia bonde la mibuyu, Ruaha Mbuyuni, kisha unaipanda Kitonga kuelekea Iringa. Ukipinda kulia unapita kata za Ulaya na Masanze hadi Kilosa, kama kilometa 70 za barabara ambayo kwa miaka mingi imekuwa ya vumbi na changarawe. Zote tatu ni njia za kutazama nchi, na kila moja ina saa yake. Kiongozi wa msafara alitakiwa kulijua hilo kabla hajapanda gari.

Nilikuwemo, kiti cha nyuma ya dereva na kiongozi, na maneno niliyasikia. Dereva alipunguza mwendo, akauliza, "Kaka, tunapinda?" Kiongozi alikuwa ameshika simu, kwenye kioo kuna picha ya kona za Kitonga. Akajibu, "Nyoosha. Watu wanataka Kitonga." Dereva, mtu mzima anayeifahamu barabara, akamwambia kwa adabu kwamba tukienda huko Masanze tutaipita usiku. Jibu alilopewa ndilo lililonifanya niandike makala hii: "Masanze ni njia tu."

Lichukueni neno hilo mlipime kwa hesabu. Kutoka Mikumi mjini hadi juu ya Kitonga ni saa mbili ukiwa na bahati, na barabara ile haina bahati nyingi, maana inabeba mizigo ya Zambia na Kongo. Kurudi ni saa mbili nyingine. Kutoka Mikumi hadi Kilosa kwa Coaster ni saa mbili hadi mbili na nusu. Jumlisha na chakula cha mchana, jumlisha na kushuka kupiga picha, unavuka saa mbili usiku bila hata pancha moja. Jua la Oktoba huku kwetu linazama kwenye saa kumi na mbili na nusu jioni. Kwa hiyo ilijulikana tangu mchana kwamba theluthi nzima ya mwendo wetu itafanyika gizani, na ni ile theluthi ambayo wengi wetu hatukuwahi kuiona.

Halafu pima mwanga. Kuelekea Kitonga unakwenda magharibi, na kuanzia saa tisa jua liko usoni mwa dereva na usoni mwa kila kamera. Mibuyu ilikuwa bado haijavaa majani, na kwa mwanga ule wa kukabiliana nao ikageuka vivuli vyeusi tu. Kisha tukaanza kupanda, mbele yetu semi-trela imebeba kontena, mbele yake nyingine, na mbele yake lori la mafuta. Kwenye kona za Kitonga hakuna kutanua kwa mtu mwenye akili, na dereva wetu akili anayo, akakaa kwenye foleni kwa gia ndogo. Mandhari tuliyoyatazama kwa muda mrefu kuliko yote siku ile ni mlango wa nyuma wa kontena, wenye vumbi na kufuli mbili. Bonde lenyewe, ambalo kweli ni la ajabu, tulilichungulia kwa dakika chache upande mmoja wa gari, wa upande wa pili wakiomba wapishwe dirishani.

Siidharau Kitonga. Anayekwenda kulala Iringa, ameondoka Mikumi alfajiri, jua liko mgongoni na milima mbele inawaka, ana haki ya kuisifu maisha yake yote. Ila Kitonga ni njia ya anayepita. Ukiipanda ili ugeuze, unalipa bei mara mbili na kuona nusu.

Hata kushoto kungekuwa na utetezi. Safu ya Udzungwa inatazama mashariki, kwa hiyo asubuhi msitu wake unamulikwa kuanzia mabondeni hadi vileleni, na alasiri jua linakuwa nyuma ya mlima, kila kitu kinabaki kivuli cha bluu. Hifadhi ile ilianzishwa mwaka 1992, ina maporomoko ya Sanje yanayoshuka kama meta 170, na msitu wake ndio makao ya mbega mwekundu wa Iringa. Hiyo ni njia ya asubuhi, ya mtu atakayelala Mang'ula. Kiongozi angepinda kushoto ningemlaumu kwa saa, nisingemlaumu kwa njia.

Sasa kulia, kule kulikoitwa njia tu. Ondoka Mikumi saa nane, umekula, huna haraka. Unaelekea kaskazini, milima ya Usagara mkono wa kushoto, nchi tambarare ya Mkata inafunguka mkono wa kulia. Alasiri jua linatoka upande wa milima na kuimulika tambarare yote, na halimkeri dereva. Na ilikuwa Oktoba! Mnaoishi huku mnajua miombo inavyofanya kabla ya mvua za vuli: majani machanga yanatoka mekundu na rangi ya shaba, kisha ndiyo yanageuka kijani. Mgeni anaweza kuja Mikumi mara nyingi asiione rangi hiyo kwa sababu amekuja na msimu mwingine. Sisi tulikuja na msimu wake, tukaipita tumewasha taa.

Kuna la kutazama kwa karibu zaidi. Kuanzia mwaka 2012 vijiji vya Kilosa kama Ulaya Mbuyuni, Ulaya Kibaoni na Dodoma Isanga vilianza mpango wa kuvuna mkaa katika misitu yao wenyewe. Eneo la kuvunia linagawanywa kwa viraba vya meta 50 kwa 50, kiraba kimoja kinakatwa, cha jirani kinaachwa, kwa mzunguko wa miaka 24. Shina linakatwa juu kidogo ya ardhi, mizizi inabaki hai, na baada ya mvua machipukizi yanajitokeza kuzunguka kisiki, mengi kwa pamoja. Simama hapo na wageni wako kutoka Dar es Salaam, watu wanaonunua mkaa kila wiki bila kujua umetoka wapi, uwaonyeshe kisiki kinachoota. Hiyo ni nusu saa ambayo Kitonga haina cha kushindana nayo. Ukiwa na mwenyeji wa Masanze wa kuwapokea, mnapata na maelezo ya mashamba na ya mto, maana Kilosa ni nchi ya mafuriko. Maji ya mwishoni mwa 2009 na mwanzoni mwa 2010 yaliikata reli ya kati hapa hapa, treni zikasimama kwa miezi.

Wenzetu wa Ayalandi wana biashara ya njia za kutazama pwani, na jambo hili la kuchagua njia kulingana na saa wanalichukulia kwa uzito. Kwenye mzunguko wa Kerry, wenye kilometa 179, mabasi makubwa yanazunguka kwa mwelekeo mmoja, kinyume cha mwendo wa saa, yasikutane kwenye kona nyembamba. Mwenye gari dogo anaambiwa mapema: fuata mwelekeo wao na uondoke mapema, au geuza na uwe tayari kupishana nao. Wako wanaomshauri mwenye siku moja aiache Kerry na kuzunguka Slea Head kule Dingle, njia fupi ya kama kilometa 47, aitazame yote bila kukimbia. Hawaulizi ipi ni maarufu kabla ya kuuliza una saa ngapi na unalala wapi.

Na sisi hatukuhitaji kufundishwa na Ayalandi. Ukanda huu ulipitwa na misafara mikubwa ya karne ya 19. Sidi Mubarak Bombay, mwongoza misafara, alipita na wapelelezi Burton na Speke mwaka 1857, akaja tena na Stanley mwaka 1871, wakati masika imegeuza Mkata kuwa bahari ya tope. Kirangozi, yaani kiongozi wa msafara wa enzi zile, alishika bendera mbele, aliamsha watu alfajiri, na kabla jua halijawa kali kambi ilikuwa imeshasimama penye maji. Hakuanza mwendo bila kujua atalala wapi. Baadaye tulikuwa na madereva wa KAMATA, kampuni ya mabasi ya taifa, kisha wale wa Scandinavia Express waliosifika kwa kutunza muda, watu waliojua mlima upi unapandwa saa ngapi. Mmoja wa hao angekuwa na sauti ndani ya Coaster yetu, Kitonga isingetajwa. Leo mwenye sauti ni mwenye simu.

Nimeshaliandika hili na nitaliandika tena: picha ya mtu mwingine haichagui njia yako. Picha haina saa, haionyeshi foleni iliyokuwa nyuma ya mpiga picha, haikwambii alilala wapi. Na nimeshaandika pia kuhusu kiti cha mbele. Kiongozi anayekaa siku nzima kwenye kioo cha mbele hajui walio nyuma wanaona nini, ndiyo maana anaweza kusema watu wanataka Kitonga bila kumuuliza mtu hata mmoja.

La tatu ni deni la zamani zaidi, la reli. Reli ya tawi kutoka Kilosa kupita Mikumi hadi Kidatu ilikamilika miaka ya 1960, na Kidatu ndipo inapokutana na TAZARA. SGR nayo ina stesheni Kilosa. Mgeni ashuke hapo asubuhi, apande behewa la kutazama nchi hadi Mikumi, na hoja nzima ya foleni na vumbi ingekwisha. Kila tunapoacha kuitazama njia ya Kilosa tunawapa wakubwa sababu ya kuiacha ilivyo.

Tulifika Kilosa saa tatu usiku. Watoto walikuwa wamelala kwa kuegemea vioo, na walipoulizwa asubuhi wameona nini Masanze, walisema hawajui ni wapi.

Kwa hiyo ninyi mnaopanga safari za likizo ijayo, lishikeni hili. Kitonga ni ya anayelala Iringa. Udzungwa ni ya asubuhi na ya anayelala Mang'ula. Ukifika njia panda ya Mikumi saa saba mchana na kitanda chako kiko Kilosa, kula, kisha mwambie dereva apinde kulia.