Tusipoteze Kidole Gumba cha Mwenda

Wapenda gita ni wengi katika Mitwaba, na siku hizi wapeana nyimbo kwa urahisi sana. Mmoja anao wimbo katika simu yake, mwenzake autaka, na punde si punde anao naye. Jambo hilo ni jema, maana kitu kizuri hakifai kufichwa. Lakini twataka kuuliza: kile anachopokea mwenzetu, je, ni wimbo mzima?

Tuchukue mfano wa Mwenda Jean-Bosco, aitwaye pia Mwenda wa Bayeke. Alizaliwa mwaka 1930 huko Bunkeya, kusini ya kwetu, katika mji ule wa mfalme Msiri. Mwaka 1952 Hugh Tracey, Mwingereza aliyezunguka nchi nyingi za Afrika na mashine yake ya kunasa sauti, alimkuta Jadotville, yaani Likasi ya leo, akanasa wimbo wake uitwao "Masanga". Sahani ile ilifika mbali. Mwaka 1961 na 1962 mtaalamu David Rycroft alichapa maandishi ambayo ndani yake aliufuata muziki wa gita la Mwenda sauti kwa sauti. Mwaka 1979 Mwingereza mwingine, John Low, alisafiri mpaka kwetu ili ajifunze kwa wapigaji wenyewe.

Walifuata nini watu hao? Hawakufuata wingi wa vyombo. Gita ni moja tu, tena halina umeme. Mwenda alipiga kwa vidole viwili vya mkono wa kuume: kidole gumba na kidole cha shahada. Kidole gumba chatembea juu ya nyuzi nene, imara kama mama atwangaye mahindi. Kidole cha shahada chachezacheza juu ya nyuzi nyembamba, na hakikubali kukanyaga palepale mwenzake anapokanyaga. Asikiaye mara ya kwanza hudhani ni watu wawili. Tena kila kipande kifupi cha wimbo kikirudi, hakirudi vilevile: mara kimeongezwa kidogo, mara kimegeuzwa. Hapo ndipo penye utamu wa "Masanga": kidole gumba chashika njia, na kwa kuwa chaishika, chenzake chapata uhuru wa kutangatanga bila kupotea.

Wengine watasema kwamba gita la kweli ni la bendi za jazz. Hatutaki kuwabishia bure. Nicolas Kasanda, aitwaye Docteur Nico, aliyepiga katika African Jazz ya Kabasele, alikuwa fundi mkubwa hata kufa kwake mwaka 1985, na nyuzi zake zalia kama ndege wa asubuhi. Lakini katika bendi kazi imegawanywa: huyu ana sauti nene, huyu ashika mapigo, na Nico apamba juu. Mwenda abeba mizigo yote peke yake. Kwa hiyo tusiwapime kwa kipimo kimoja. Vivyo hivyo na Edouard Masengo, ndugu yake Mwenda, aliyevuma mpaka Nairobi katika miaka ya 1950: kwake sisi twaona kwamba uimbaji ndio utanguliao, na gita laufuata kwa adabu.

Na mwenye kupenda jazz ya Wamarekani asidhani kwamba kidole gumba ni kitu cha kijijini. Wes Montgomery wa Indianapolis, mmoja wa wapiga gita wakubwa wa jazz, aliacha kile kipande kigumu ambacho wengi hupigia nyuzi, akatumia kidole gumba chake. Asikilize sahani yake ya mwaka 1960, "The Incredible Jazz Guitar of Wes Montgomery", naye atasikia jinsi sauti ilivyo ya mviringo na laini. Tofauti ni hii: Wes alikipa kidole gumba kazi ya kusimulia, Mwenda alikipa kazi ya kushika njia. Afadhali nyimbo hizo mbili zisikilizwe kwa kufuatana. Moja yafungua masikio kwa nyingine.

Sasa turudi kwenye swali letu. Spika ya simu ni ndogo mno, haiwezi kutoa sauti nene. Pigeni "Masanga" kwa simu sokoni: mtasikia kidole cha shahada peke yake, chembamba, kikirukaruka bila nyumba. Kidole gumba hakuna. Basi kijana asikiaye hivyo asema, "Wimbo huu wa wazee ni mwepesi, hauna uzito," akauacha. Hakosi kwa kusema hivyo, kwa sababu amepewa nusu ya wimbo. Na akitaka kujifunza, atajifunza nusu hiyo. Mwenda mwenyewe alikufa mwaka 1990 kwa ajali ya gari katika nchi ya Zambia; hawezi kuja kumsahihisha. Hatari yenyewe ni kwamba jina la "Masanga" litabaki, tena litasifiwa, na mkono uliolipiga utakuwa umesahauliwa hapa hapa Katanga, huku wageni wakiujua.

Kwa hiyo twashauri hivi. Wapenda gita wakutane mara moja kwa juma mahali patulivu, mmoja alete spika kubwa yenye sauti nene, hata kama ni ya kuazima. Wimbo mmoja wapigwe mara tatu. Mara ya kwanza wasikilize bila kusema neno. Mara ya pili wafuate kidole gumba tu, wakipiga mapigo yake kwa mkono juu ya goti. Mara ya tatu wafuate kidole cha shahada. Kisha mwenye gita ajaribu, na mzee aliyewahi kupiga zamani aombwe kwa heshima amwoneshe kijana jinsi ya kuweka mkono. Nyimbo tatu zilizosikilizwa namna hiyo zafaa kuliko mia tatu zilizojazwa katika simu. Nanyi mnapompa rafiki wimbo wa Mwenda, mwambieni pia atafute spika nzuri, ili apate na kidole gumba.