Mshale Unaotoka kwa Kipepeo

Katika vitabu vingi vya sayansi vya shule ya msingi kuna mchoro wa duara: yai, kiwavi, pupa, kipepeo, na mishale minne inayozunguka. Mtu mzima huutupia jicho akafunua ukurasa. Mwalimu wa darasa la tatu anayeijua kazi yake hukaa hapo kipindi kizima, na kwangu mimi kipindi hicho ni miongoni mwa kazi za ustadi mkubwa zinazofanyika bila mtu kupiga makofi.

Itazame mishale hiyo. Unaotoka kwenye yai kwenda kwa kiwavi unasema kimoja kimekuwa kingine. Wa pili vivyo hivyo, na wa tatu. Lakini wa nne, unaotoka kwa kipepeo kurudi kwenye yai, una habari tofauti kabisa: kipepeo hageuki yai, anataga. Wino ni uleule, unene ni uleule, maana ni mbili. Mtoto asiyefundishwa kusoma mchoro anaweza kuondoka akiamini kwamba kipepeo yuleyule huzunguka milele wala hafi. Mwalimu hodari hamkatizi. Anamwomba ausome kila mshale kwa sauti, kama sentensi kamili yenye kitenzi chake. Yai linaanguliwa, anatoka kiwavi. Kiwavi anakuwa pupa. Pupa anakuwa kipepeo. Kipepeo... na hapo ulimi unakwama wenyewe, darasa zima linainua vichwa.

Hapo ndipo kusoma kwa maarifa kunapoachana na kusoma hadithi. Hadithi humshika msomaji mkono ikaenda naye hadi mwisho. Kitabu cha maarifa kinamtaka asimame, arudi nyuma, aruke kurasa, atafute neno kwenye faharasa, alinganishe picha na maelezo yaliyo chini yake. Watoto wetu wamelelewa na hadithi tangu mgongoni mwa mama, na ni neema kubwa. Huu usomaji mwingine lazima mtu awaoneshe, kwa kidole, mstari kwa mstari.

Mwaka 1986 msomi wa Marekani, Donna Ogle, alieleza njia ya safu tatu: tunachojua, tunachotaka kujua, tulichojifunza. Ni rahisi mno kiasi kwamba wengi huichora ubaoni kwa mazoea na kuijaza haraka. Thamani yake yote, naona, iko katika safu ya kati. Swali likiandikwa kabla kitabu hakijafunguliwa, mtoto anasoma akiwa na kitu anachokiwinda. Lisipoandikwa, anabaki kukariri majina manne ya mtihani.

Kisha kuna mti. Palipo na mndimu au mchungwa karibu na shule, kipepeo mkubwa mweusi mwenye madoa ya manjano, ambaye wanasayansi humwita Papilio demodocus, huja kutaga kwenye majani machanga, yai moja moja, dogo kama kichwa cha pini. Mchoro ulikuwa umelichora yai likikaribia ukubwa wa kipepeo mwenyewe, ambaye mabawa yake yakikunjuliwa hufika sentimita kumi na zaidi. Basi somo lingine la kusoma limezaliwa: picha za kitabu hazina kipimo kimoja, na msomaji makini huuliza kila kimoja kimekuzwa kiasi gani.

Kitabu kinasema kiwavi wa kipepeo huyu ni kijani. Mtoto anarudi na jani lenye kitu cha kahawia na weupe, mfano wa kinyesi cha ndege. Nani mkweli, kitabu au jani? Mwalimu wa haraka atajibu. Mwalimu bingwa anawarudisha kwenye aya, wasome tena polepole, mpaka mmoja aone maneno "anapokaribia kukomaa". Kiwavi mchanga hujificha kwa kufanana na kinyesi. Akikua hujivua ngozi na kuwa kijani. Maneno mawili waliyoyapita mbio yalikuwa yamebeba jibu lote. Ukimgusa, hutoa nyuma ya kichwa chake pembe mbili laini za rangi ya chungwa zenye harufu kali, na watoto hupiga kelele kwa furaha. Kishawishi kikubwa kwa mwalimu ni kufunga kitabu wakati huo na kuliacha somo liwe la wadudu tu. Napenda viwavi, lakini kiwavi amekuja darasani kwa ajili ya aya ile.

Maria Sibylla Merian, Mjerumani aliyesafiri hadi Suriname mwaka 1699, alichapisha mwaka 1705 kitabu ambamo kiwavi, pupa na kipepeo wanaonekana pamoja juu ya mmea wanaoutegemea. Hakutumia mishale. Jicho lilipaswa kutafuta lenyewe nani ametangulia. Nadhani mwalimu angefanya vema kuwafunikia watoto mishale ya kitabu chao kwa karatasi, waipange wao, kila mshale wakiutolea ushahidi kutoka kwenye maandishi.

Ukitaka kujua kama kazi imefanyika, usimpe mtoto mtihani wa kipepeo. Mpe ukurasa wa mbu, ambao hajausoma: mayai juu ya maji, viluwiluwi, pupa, mbu, mishale minne. Usimweleze chochote. Darasa lililofundishwa vizuri litaanza kwa kunong'onezana kuhusu mshale wa nne, halafu mkono utanyooshwa kuuliza mbu huyu amekuzwa mara ngapi, na mwingine atakuwa ameshafungua faharasa.