Theluji ya bei rahisi: rahisi kwa nani?

Wandugu, nimesoma mashauri mengi juu ya kupunguza gharama za vakansi ya kuteleza kwenye theluji. Mengine ni mazuri kabisa: wacha siku za Noeli, nenda katikati ya Januari, kodi vifaa, usinunue, lala mjini chini ya mlima, jipikie. Wengi wanasifu Bansko, kule Bulgaria, eti ni rahisi kuliko Ufaransa na Uswisi.

Kosa lao ni moja: hesabu yao inaanzia mlimani. Yetu inaanzia Mubi. Tangu Juni 2024 visa ya Schengen ni euro 90 kwa mtu mzima, na Bulgaria iko ndani ya Schengen kabisa tangu Januari 2025. Wakikukatalia, feza hazirudi. Bado pasipoti, bado barabara ya kutoka Walikale, bado avioni. Afrika nayo iko na Afriski, kule Lesotho, kwenye mita 3,222. Lakini safari ni ndefu vilevile.

Na theluji ya kwetu? Kilele cha Margherita, kwenye Rwenzori, kina mita 5,109. Kiko mpakani na Uganda, upande wa Beni, jimbo letu wenyewe. Pale hakuna visa, na barafu yake inazidi kupungua. Kinachotuzuia kuiona si bei tu, ni usalama wa njia.

Shauri lisilohesabu visa na usalama linamsaidia yule aliye navyo tayari. Nyie munasemaje?